Mzee Aliyemtafuta Mkewe

Sajenti Mbodze Rai alipofika kwenye uwanja wa pembea pale Ukunda, umati ulikuwa umeshampata mwizi wa mtoto. Kilichokosekana ni mtoto mwenyewe.

Mwizi huyo alikuwa Chome, muuza maputo. Walimkalisha chini nyuma ya kibanda cha viazi karai, shati limechanika, na maputo yake yamefungwa kwenye mguu wa meza ya mwenye kibanda. Ilikuwa Idi Pili, uwanja umefurika watoto wenye nguo mpya na wazazi wenye miguu iliyochoka, na penye wengi pana mengi. Kati ya Chome na watu waliotaka kumfundisha adabu alisimama Konstebo Purity, aliyehamishiwa pwani kutoka bara majuzi tu. Alikuwa ameshika rungu lake kwa mikono miwili, na ilionekana wazi kwamba hatasogea. Mbodze alimpenda kwa hilo.

Purity alimweleza bosi wake mambo yalivyokuwa. Mtoto aitwa Twaiba, ana miaka mitano, amevaa rinda jeupe. Alikuja na babake, Swabir, mpishi wa hoteli moja ya Diani aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Baba alimpandisha mtoto kwenye pembea ya farasi, ile inayozunguka, na alipogeuka hakumwona tena. Palepale kwenye nguzo ya pembea palikuwa na puto la manjano limefungwa, na maputo ya manjano siku hiyo alikuwa nayo mtu mmoja tu. Umati haukuhitaji ushahidi zaidi.

"Na wewe?" Mbodze aliuliza.

"Mimi nahitaji, afande. Kama angekuwa amemwiba, hangekaa hapa akiuza."

Mbodze alimwinua Chome, akamwamuru kila mtu mwingine arudi nyuma, kisha akamtaka aeleze taratibu tangu alipomwona mtoto. Chome alisema alimkuta Twaiba kando ya pembea, amekwisha kushuka, analia.

"Nikamwuliza uko na nani, akaniambia yuko na baba. Nikamwuliza baba yuko wapi, akanionyesha watu wote. Basi nikampa puto, bure. Nikamwambia asitoke pale, babake atarudi."

"Ulimfungia wapi?"

"Kwenye kifundo cha mkono. Nilipiga fundo gumu, afande, maana watoto huyaachia yakaruka, kisha wakalia zaidi kuliko mwanzo."

Mbodze alikwenda kuliangalia puto lenyewe. Lilikuwa bado linacheza juu ya vichwa vya watu, limefungwa kwenye nguzo kwa kitanzi cha kuvuta mara moja. Lakini karibu na kitanzi, uzi ulikuwa umejikunjakunja mahali ambapo fundo gumu lilikuwa limefunguliwa. Hakuna aliyeukata. Mtu alikaa hapo, katikati ya uwanja, akalichokonoa fundo la Chome kwa kucha mpaka likaachia, na mtoto akatulia akimtazama. Mwizi mwenye haraka hafanyi hivyo, wala mtoto hamtulii mtu asiyemjua.

"Chome aende zake," Mbodze alisema. "Na arudishiwe maputo yake yote. Aliyechukua mtoto ni mtu ambaye mtoto alimngoja."

Swabir alikuwa ameketi kwenye ngazi za jukwaa la zumari, kanzu yake ya Idi imejaa vumbi magotini. Alikuwa amezunguka uwanja mzima akiita mpaka sauti ikakauka. Mbodze alimwonea huruma, na huruma ile haikumzuia kumwuliza alikuwa wapi.

Swabir alisema hakumwondokea binti yake hata kidogo. Alisimama kwenye uzio muda wote, akageuka mara moja tu kununua sharubati, na alipogeuka tena farasi alikuwa mtupu. Aliapa kwa jina la Mungu.

"Puto lake ulimnunulia wewe?" Mbodze aliuliza.

"Puto gani?"

"Alilokuwa nalo mkononi."

"Hakuwa na puto, afande. Mimi sikumnunulia puto."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Swabir ilikuwa imekwishia hapo. Mbodze alimweleza polepole, bila kupandisha sauti, kwamba binti yake alishuka kwenye pembea, akalia, akaonwa na muuza maputo, akafungwa puto, akangoja, na baadaye akafunguliwa puto hilo na mtu mwingine. Mambo yote hayo yalitendeka pale kwenye uzio, na mtu aliyesimama kwenye uzio hakuyaona. Kisha akamwachia Swabir nafasi ya kusema kweli.

Hatimaye Swabir alisema alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mkahawa, akizungumza na wakala wa kazi za Uarabuni. Viza yake imetoka. Ataondoka wiki ijayo, kwa miaka miwili. Wakala alimpigia simu ghafla akimtaka wakutane, naye akaona pembea ndiyo mlezi mzuri kuliko wote.

"Na mtoto atakaa na nani ukienda?"

"Jirani amekubali."

"Mtoto anajua?"

"Bado. Nimekosa neno la kumwambia. Wala watu wa marehemu mamake hawajui." Alijifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Nilimleta leo afurahi kwanza. Nilisema nitamwambia baada ya Idi."

Mbodze hakumkemea. Kazi ya kumkemea ingesubiri, mtoto hangesubiri. Alimrudia Purity na kumwuliza kama walinzi wa lango waliona lolote. Purity alisema amemhoji mlinzi wa lango, na hakuna mtu wa kushukiwa aliyetoka. Waliotoka ni akina mama na watoto wao, vijana, na mzee mmoja aliyekuwa ameingia kumtafuta bibi yake.

"Alimpata?"

"Mlinzi anasema alimpata."

"Waliotoka walikuwa wangapi, yeye na huyo bibi?"

Hilo Purity hakuwa ameliuliza. Mbodze alishaanza kutembea kuelekea langoni.

Mlinzi aliitwa Japheth, kijana mwenye adabu, ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa akilinda duka la simu huko Machakos. Alimkumbuka mzee vizuri. Alikuwa na kofia ya vito na kikoi, anachechemea kidogo, mtu wa heshima.

"Alikuwa anatafuta bibi yake," Japheth alisema. "Mimi nikamwambia wamama wengi wako ile side ya jukwaa."

"Alisema bibi? Nataka neno lenyewe alilolitumia."

Japheth alifikiri. "Hakusema bibi. Alisema mke wangu. 'Bwana mdogo, hujamwona mke wangu humu ndani?' Hivyo. Nilipomwonyesha wamama, akacheka. Akaniambia mke wake hakai na watu wazima. Nikaona ni mzee wa mzaha tu."

"Na alipotoka?"

"Alitoka amebeba mjukuu, amelala kwa bega. Nikamwuliza, mzee, na bibi ulimpata? Akasema alhamdulillahi, nimempata."

Purity aliwatazama wote wawili, asielewe kwa nini sajenti wake amefumba macho.

"Purity, kwenu babu humwita mjukuu wake wa kike nani?"

"Kwa jina lake, afande."

"Huku pwani, babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke wake. Humwita hivyo mbele ya watu, humwambia bibi mzaa mama amepata mke mwenza, na mtoto naye humwita babu mume wangu, huku watu wakicheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na mume mwenye meno matatu." Alimgeukia Japheth, ambaye uso ulikuwa umeanza kumsawijika. "Mzee hakukudanganya hata neno moja. Uliuliza kama amempata mkewe, akakwambia amempata, naye alikuwa begani kwake."

Alirudi kwa Swabir kwa hatua ndefu. "Babake marehemu mkeo yu hai?"

Swabir aliinua kichwa, na kabla hajajibu Mbodze aliona kwamba jibu limeshamfikia. Alisema yu hai, aitwa Mzee Waziri, mfuga nyuki wa Majoreni. Anachechemea tangu alipoanguka na mzinga. Biasha, aliyekuwa mkewe Swabir, alikuwa kitinda mimba wake. Binti yake mwingine, mkubwa, ameolewa Tanga.

Walijaribu simu ya mzee. Haikupatikana.

"Atampeleka Tanga," Swabir alisema. "Akivuka naye mpaka, sitampata tena. Huko ni serikali nyingine na mahakama nyingine, na mimi nina siku chache tu. Afande, nakuomba. Nimebaki naye huyo tu."

Wakiwa wanakwenda kwenye gari, Purity alishauri waelekee Shimoni, kwa sababu ndiko kwenye gati la boti za kuvukia mpaka. Mbodze alikataa, lakini alimweleza sababu, maana konstebo asiyeelezwa hatajifunza. Shimoni pana gati zuri, na penye gati zuri pana maofisa wa uhamiaji na maswali yao. Mzee aliyembeba mtoto asiye na karatasi hawezi kupenda maswali. Majoreni hakuna gati. Kuna mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na boti hulala kwenye tope mpaka maji yajae. Mzee angekwenda kwao, kwa watu anaowajua, angoje maji.

"Na kama maji yameshajaa?" Purity aliuliza.

Mbodze alimpigia askari mwenzake wa Shimoni. Alimwomba alichunge gati hata hivyo, kisha akamwuliza habari za bahari. Maji yalikuwa yameanza kupanda, alijibu yule askari, lakini bado hayajafika mbali. Mbodze alimwacha Purity uwanjani, akamchukua Swabir, na dereva akakanyaga mafuta.

Walipita Msambweni. Baada ya njia panda ya Kanana, Mbodze aliuliza swali lililokuwa likimsumbua tangu langoni.

"Mzee alijuaje kwamba leo mtakuwa kwenye pembea?"

Swabir hakujua. Yeye na mkwewe hawakuwa wamezungumza tangu Ramadhani, na Idi hii hawakwenda kumwamkua. Hakumwambia mtu yeyote kwamba atampeleka mtoto Ukunda. Hata jirani hakumwambia.

"Mtu kutoka Majoreni hatembei mpaka Ukunda Idi Pili akitumaini kubahatisha," Mbodze alisema. "Aliambiwa. Ana mtu ndani ya nyumba yako."

"Ndani ya nyumba yangu tuko wawili tu, mimi na Twaiba."

Mbodze alitazama minazi iliyokuwa ikipita dirishani. Swabir, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza tena.

Majoreni waliacha gari mahali barabara ilipoanza kuwa matope, wakashuka kwa miguu hadi kwenye mikoko. Boti ya mashine ilikuwa imeinua pua, nyuma bado imekaa kwenye tope, na nahodha wake alisimama ndani akiukazia macho mkondo kama mtu anayengoja chungu kichemke. Mbodze alimwonyesha kitambulisho na kumwambia hakuna abiria leo. Nahodha hakubishana.

Mzee Waziri alikuwa ameketi juu ya mzinga mtupu kivulini. Twaiba alikaa mapajani mwake akila mabuyu, vidole na midomo imekuwa myekundu. Mzee hakukimbia wala hakushtuka.

"Shikamoo, mzee," Mbodze alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Swabir hakungoja salamu. Aliliita jina la binti yake na kuikunjua mikono. Twaiba alimtazama, akateremka mapajani, akaenda kusimama nyuma ya babu yake. Mikono ya Swabir ilibaki hewani kwa muda, halafu ikashuka.

Mbodze alimwambia mzee kwamba amemchukua mtoto bila idhini ya babake, na kwamba jambo hilo lina jina katika sheria na kifungo chake si kifupi. Alimwambia pia kwamba kumvusha mpaka kungelifanya zito zaidi.

"Jina lake nalijua," Mzee Waziri alijibu. "Lakini mimi nilimkuta peke yake, analia katikati ya watu. Nilikaa naye nikangoja. Wallahi nilingoja, sajenti, nikisema babake akirudi nitamwamkia na nitampa mkono wa Idi niondoke zangu. Hakurudi. Basi nikamwokota. Mwenye kuokota si mwizi."

"Puto ulilifungua wewe?"

"Nililifungua mimi. Nikalifunga pale pembeani, ili akija ajue ni mahali gani alipomwacha mwanawe."

Mbodze alikuwa amelichukulia puto lile lililoachwa nguzoni kuwa hila ya kuwapotosha watu. Alikubali kimoyomoyo kwamba amekosea. Swabir aliinamisha kichwa, naye hakukanusha.

"Nani alikwambia watakuwa kwenye pembea?"

Mzee alimtazama Twaiba, na mtoto akaangalia miguu yake. Kisha mzee akatoa simu kutoka kwenye msokoto wa kikoi, akaiwasha, akambonyezea Mbodze ujumbe wa sauti. Ulitumwa usiku wa Idi Mosi kwa simu ya Swabir. Sauti ilikuwa ya kunong'ona, ya mtoto aliyejifunika shuka.

"Mume wangu, ni mimi. Baba anakwenda Uarabuni. Begi ameficha chini ya kitanda changu, anadhani sijaliona. Kesho ananipeleka kwenye pembea ili nisilie. Njoo wewe unichukue. Na uniletee mabuyu."

Nahodha aligeuza uso upande wa baharini. Swabir alikuwa amesimama anaitazama simu kana kwamba ina maneno mengine yatakayokuja kuyafuta hayo. Aliumia, na kila mtu pale aliona.

"Na pale langoni?" Mbodze alimwuliza mtoto. "Ulikuwa umelala kweli?"

"Nilifumba macho tu," Twaiba alisema nyuma ya kikoi.

Swabir alipiga magoti matopeni. Alimwambia binti yake amsamehe, kwamba alimtafuta mpaka sauti imemwisha, kwamba sasa watarudi nyumbani. Alizungumza haraka, kama mtu anayepanga bidhaa mbele ya mteja anayeondoka. Twaiba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukinirudisha nyumbani, halafu utakwenda?"

Sajenti Mbodze alikuwa amemsikia mtu huyu akidanganya siku hiyo hiyo, kwa kiapo. Alijikuta anamsikiliza sasa kuliko alivyomsikiliza uwanjani. Jibu la uongo lilikuwa rahisi, na lingemrudishia mtoto mikononi papo hapo.

"Ndiyo," Swabir alisema. "Nitakwenda."

"Basi niache hapa hapa. Usinizungushe."

Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Swabir alibaki magotini. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyaficha kwa mkono wa kanzu wala kwa chochote.

Mbodze aliyamaliza yake, kwa kuwa ndiyo kazi. Alimwambia mzee kwamba mtoto havuki mpaka, leo wala siku nyingine, bila babake kutia saini mbele ya serikali. Mzee alikubali, akasema Tanga ilikuwa hofu tu, hakuwa na haja nayo kama mtoto anaweza kukaa Majoreni. Kisha Mbodze akamgeukia Swabir na kumwuliza kama anamshitaki mkwewe. Alimweleza kwamba ana haki hiyo, na kwamba akiitumia yeye Mbodze atafanya wajibu wake jioni hii hii.

Swabir alitikisa kichwa. Alisimama, akamwendea Mzee Waziri, akainama na kumbusu mkono, kama alivyopaswa kufanya siku ya Idi Mosi.

"Baba, nina siku chache kabla sijaondoka. Nizilale hapa?"

Mzee alikuwa na mengi ya kumwambia mkwe wake, na usoni ilionekana anayachagua.

"Nyumba ni ya marehemu mkeo," alisema mwishowe. "Siwezi kukufukuza ndani yake."

Nahodha alishuka botini akaanza kuitia nanga upya, akinung'unika kuhusu maji mazuri yaliyopotea bure. Mbodze alirudi mpaka mahali penye mtandao, akampigia Purity.

"Ameonekana. Mzima."

Purity alishusha pumzi kwa sauti hadi Mbodze akaisikia. Kisha akakumbuka kazi. "Afande, kwenye ripoti niandike yuko kwa nani? Kwa baba ama kwa babu?"

Mbodze aligeuka kutazama. Mzee alikuwa amelishika dumu la maji akimiminia, na Swabir ameinama anaosha wekundu kwenye vidole vya binti yake, kimoja baada ya kingine, na mtoto amemwachia mkono.

"Andika yuko kwao," alisema, akaenda kumwamsha dereva.